Limbuko la Mizabibu

Loxton, Australia Kusini
16 Juni

Mpwa wangu Fusi,

Barua yako imenikuta mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi hayaamki pamoja na mimi. Yanachelewa. Natumaini wewe hujambo, na mama yako, dada yangu Melenaite, hajambo, na kuku wake pia. Huku ni baridi. Tunapogoa mizabibu tangu mwezi uliopita. Asubuhi mkasi unashikana na kiganja, na wale wageni waliotoka kisiwa chetu cha Vava'u wameanza kuvaa soksi mikononi. Kwaya yetu ya Watonga imebaki na besi tupu, maana sauti nyingine zote zimehamia Melbourne. Tunaimba hivyo hivyo. Jirani aliyelalamika ni mmoja tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Umesema nisipige simu juu ya jambo hili, kwa kuwa simu ya nyumba hiyo mama yako huisikia hata akiwa bandani kwa kuku. Sawa, nitaandika. Mwandiko wangu unaujua. Shule niliiacha mapema, ikanishukuru.

Nakurudishia maneno yako nione kama nimeelewa. Wageni wanaolala kwako wanakula samaki jioni, wanaomba glasi ya mvinyo, unawaambia hakuna, wanatabasamu, na kesho yake wanahamia kwa jirani mwenye baa. Ikifika Krismasi hali ikiwa hii hii, utafunga nyumba ya wageni uende Auckland kufunga nyama kiwandani, na mama yako atabaki peke yake katika nyumba ya vyumba saba. Nyumba ni yake, na amesema hakuna chupa itakayovuka mlango. Kwa hiyo unataka nikutafutie mvinyo wa bei ndogo, wa kila siku, ambao mtu anaunywa na samaki bila kutoa hotuba. Tena mtakuja wote wawili Oktoba kupumzika Adelaide siku nne, mimi nipange, na katika kupumzika huko nimwambie mama yako kwamba mvinyo si shetani. Neno la kaka yake, unasema, atalisikia.

Mvinyo nitatafuta. Mapumziko nitapanga. Kumwambia, hapana. Fusi, wewe umesoma mpaka chuo lakini haya hujayasahau. Kaka hamtajii dada yake pombe. Hatukani mbele yake, hakai naye kutazama filamu, asije mtu akambusu mtu. Tangu nilipoota ndevu sijalala chini ya paa moja na Melenaite. Nikimtamkia neno hilo nitakufa, na kwenye mazishi yangu nitaendelea kuona aibu.

Kuhusu mvinyo wenyewe, mimi sinywi. Nasema hivyo endapo barua hii imefunguliwa na mtu mwingine. Lakini naambiwa. Naambiwa usinunue chupa kwa uzito wake, chupa nzito unalipia kioo. Naambiwa kizibo cha kusokota si aibu. Naambiwa ukiona kwenye lebo picha ya mnyama aliyevaa miwani, urudishe rafuni kwa upole. Na naambiwa mvinyo wa kila siku unajulikana siku ya pili: ufungue leo, uuache mezani, uonje kesho. Ukiwa bado unaongea nawe vizuri, nunua. Ukiwa umenuna, huo ulikuwa wa harusi.

Mimi mjomba wako, wa chini yako kwa desturi,
Lisiate

Nuku'alofa, Tonga
11 Julai

Mjomba,

Huku sote wazima, na mama ni mzima kutupita. Amechaguliwa tena kuongoza kina mama wa kanisa, kwa kura zote isipokuwa yake. Yake alijinyima kwa unyenyekevu, kisha akatuambia. Jogoo ameuawa na mbwa wa jirani. Tulimzika juzi, kwenye tui la nazi.

Wageni wangu watatu wa New Zealand wamehama. Waliacha kijikaratasi: "Ukarimu mkubwa, kitanda kizuri, maji matamu." Jioni nikawaona barazani kwa jirani na chupa kati yao, wakanipungia mkono kama watu walio melini.

Desturi usinifundishe, nazijua. Mojawapo ni hii: mtoto wa dada akitaka kitu cha mjomba, mjomba hutoa. Lile koti lako la ngozi nililitaka, nikalivaa, nikaondoka nalo, nawe ukasema limenipendeza. Sasa sitaki koti. Nataka sentensi moja.

Tiketi nimekata. Tunafika Alhamisi ya tarehe 17 Oktoba. Nimekodi nyumba ndogo karibu na soko kuu, ina vyumba viwili vya kulala na kochi sebuleni. Kochi ni lako. Mama anajua tunakuja kuona unavyoishi na kununua vitambaa. Na tafadhali usipange mambo mengi. Mama akipangiwa mambo mengi huyafanya yote, halafu huuliza kama yameisha. Nataka tukae, tule, tutembee polepole, mchana tulale. Nimechoka, Mjomba. Nyumba isiyo na wageni inachosha kuliko iliyojaa.

Fusi

Loxton
4 Agosti

Fusi,

Salamu kwenu, na poleni kwa jogoo. Huku tumefika katikati ya kupogoa. Mmoja wa wale wa Vava'u amejikata kidole, si sana, lakini ametumia nafasi hiyo kumpigia mchumba wake kila siku.

Niliposoma neno "kochi" nikaweka barua chini, nikaenda kupogoa safu nzima bila kusimama. Kochi! Mimi na dada yangu tulale tumetengwa na ukuta wa mbao laini, anisikie nikikoroma? Baba yetu alitujengea sisi wavulana kibanda mbali na nyumba ili dada asisikie hata tukicheka. Wewe unanitafutia kochi. Nitalala Salisbury kwa mwenzangu wa kwaya. Ni mbali na mjini, lakini heshima haipimwi kwa nauli.

Mpango wa mapumziko ni huu. Alhamisi mtakuwa mmechoka, mlale. Ijumaa soko kuu. Ninyi mtaingia mlango wa kaskazini, mimi wa kusini, na tukikutana kwenye jibini mimi nitageukia zeituni. Tramu ya katikati ya mji ni bure. Ninyi behewa la mbele, mimi la nyuma, mkishuka nashuka. Mchana mlale. Jumamosi chakula cha mchana mahali ninapopajua, wanaruhusu mtu aje na chupa yake. Kuna meza za ndani na meza za barazani, na katikati kuna masanduku marefu ya maua yanayofika kifuani. Mama yako upande mmoja, mimi upande mwingine, wewe utapita katikati. Jumapili kanisani, wanaume kushoto. Ukiangalia vizuri utaona nitakuwa karibu nanyi siku zote nne, ila sitakuwepo.

Sasa mvinyo. Tulikaa bandani baada ya kazi na Fotis, huyu Mgiriki mwenye shamba. Ana miaka sabini na kitu, na mke wake amemkataza kila kitu isipokuwa kuonja. Tulianza na ule wa boksi wenye mfuko wa rangi ya fedha ndani. Unafaa kusafishia mashua. Halafu nikaleta mweupe niliousifu mimi mwenyewe, nimesimama kwenye duka nikawaambia watu huu ndio, huu ndio. Siku ya pili ulinuka zile soksi za mikononi. Fotis alinitazama akasema, "Lisiate, endelea na mikasi."

Kisha yeye akatoa mwekundu wa hapa, ushirika wa wakulima wanautengeneza kutokana na zabibu zake nyekundu za aina ya grenashi. Dola tisa. Mwepesi, unaweza hata kuupoza kidogo, unakaa na samaki na unakaa na nyama ya kopo iliyopikwa kwenye majani ya magimbi. Nikauliza ni mvinyo wa namna gani. Fotis akasema, "Ni wa mtu aliyekwisha vua viatu." Siku ya pili ulikuwa bado unaongea. Siku ya tatu sijui, haukufika.

Hizo safu napogoa mimi, mwaka wa kumi na moja huu. Basi nimekujulisha tu. Nilivyoambiwa.

Lisiate

Nuku'alofa
1 Septemba

Mjomba,

Tu wazima. Mvua nzuri, viazi vikuu vimechipua.

Mama ameiona bahasha yako. Hakuifungua. Mama hafungui barua za watu, huzishika tu kwenye mwanga. Jioni tulikuwa tunamenya magimbi akasema, bila kunitazama, "Kaka yangu anaambiwa mengi huko." Basi. Akaendelea kumenya. Kesho yake alifagia uwanja mara tatu, na ulikuwa safi toka mara ya kwanza.

Sijui kama amekasirika. Sijui amesoma wapi mpaka wapi. Jambo lingine: Auckland wamenijibu. Nafasi ipo, wanataka neno langu mwisho wa Desemba. Mama sijamwambia. Kila nikitaka kumwambia ananiuliza kama nimekula.

Ile sentensi, Mjomba. Ifikirie.

Fusi

Loxton
22 Septemba

Fusi,

Wazima. Barua imechelewa kwa sababu na mimi nimechelewa. Kupogoa kumeisha, mimi pia karibu niishe.

Nitakuja Adelaide. Chupa nitakuja nayo. Sentensi sina.

Lisiate

Nuku'alofa
3 Novemba

Mjomba,

Tumefika salama, vitambaa vimefika salama, na mama amekwisha waambia kina mama wote kwamba Adelaide ni mji mzuri ila mitaa imenyooka mno, mtu hana pa kujificha. Nadhani alikuwa anakusema wewe. Ijumaa nzima ulikuwa unaruka nyuma ya nguzo.

Nilipumzika kweli. Sikumbuki ni lini nililala mchana mara mbili mfululizo. Asante kwa hilo.

Lakini sasa nieleze. Jumamosi mambo yalikwenda ulivyopanga. Mama upande wake wa maua, amenyooka na mkeka wake wa heshima kiunoni kama yuko mbele ya mfalme. Wewe upande wako, unakula samaki kama mtu anayejificha na deni. Mimi nimeonja kwako, ni kweli mvinyo ule ni mzuri, nikarudi kwa mama nikakaa kimya, maana nilitaka useme wewe. Nikaenda chooni. Kulikuwa na foleni. Niliporudi nikamkuta mama amepakata chupa mapajani, imefungwa kwenye kitambaa cha meza, ameishika kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa. Wewe ulikuwa umegeukia ukuta. Yule dada mhudumu mwenye pete puani alikuwa amesimama katikati anafuta macho.

Nikauliza kuna nini. Mama akasema, "Kula, chakula kinapoa." Nikaja kwako, ukasema, "Muulize mama yako." Mhudumu akasema, "Mimi nimefanya tu kazi yangu."

Kwenye uwanja wa ndege mama aliikumbatia mpaka walipomlazimisha kuiweka kwenye sanduku. Sasa iko kwenye jengo la viazi vikuu, juu ya viazi. Amekataza mtu kuigusa. Mchungaji amekuja mara moja, hakuonyeshwa. Na mimi Desemba inakuja, sijui kama chupa ile imevuka mlango au imefungwa jela.

Sema. Nayataka maelezo kama nilivyolitaka koti.

Fusi

Loxton
24 Novemba

Mpwa wangu,

Tumshukuru Mungu mmefika. Huku joto limeanza, na Fotis ameanguka kwenye ngazi lakini ngazi ndiyo iliyoumia.

Nitakueleza, kwa sababu huwezi kunyimwa. Mama yako usimwambie kwamba umeelezwa.

Ulipokwenda chooni yule mhudumu alikuja kuondoa sahani. Alikuwa na swali toka mwanzo, akaona sasa aulize. Akaniambia, "Samahani baba, wewe na yule mama mmegombana?"

"Hapana," nikasema. "Tunaheshimiana."

"Ni mke wako?"

Nilikohoa mpaka akanigonga mgongo. Nikamwambia ni dada yangu, kwetu ndivyo ilivyo. Akasema, "Mimi na kaka yangu tunarushiana vitu." Nikamwambia kila watu na kwao.

Hapo nikasikia sauti ng'ambo ya maua. Tangu nilipokuja nyumbani mara ya mwisho, miaka minane sasa, sijaisikia sauti hiyo ila kwenye simu. Hakuniita mimi. Alimwita mhudumu. "Binti, yule bwana wa nyuma ya maua, amekula akashiba?"

Mhudumu akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. "Ameshiba, mama."

"Magoti yake yana nini? Alishuka kwenye tramu kama mwanakondoo aliyezaliwa leo."

Mhudumu akageuka kwangu. "Anauliza magoti yako yana nini."

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie ni baridi."

"Anasema ni baridi, mama."

"Leo kuna jua," dada yangu akasema. "Haya, mwulize jambo jingine. Mwulize kwa nini miaka kumi na moja sijaona limbuko lake."

Fusi, unajua maana yake. Kiazi kikuu cha kwanza kutoka ardhini si chako, ni cha dada yako. Baba yangu aliwapelekea dada zake mpaka mwaka aliokufa, akiwa hana meno ya kula vilivyobaki. Mimi nimekuwa nikituma pesa kwa simu, mama yako ananunua sukari, na nilidhani yameisha. Yeye alikuwa anangoja kiazi. Hakuwahi kusema, kwa sababu limbuko haliombwi. Siku hiyo aliliomba, tena kwa mdomo wa mtu mwingine, kwenye meza ya kulipia.

Nikamwambia mhudumu, "Mwambie huku hakuna viazi vikuu. Huku nalima zabibu."

"Anasema analima zabibu, mama."

"Shamba la nani?"

"La Mgiriki," nikasema, "lakini mikono ni yangu."

Akapeleka. Nikasikia kijiko kikiwekwa juu ya sahani. Kisha dada yangu akauliza, "Na hizo zabibu zikivunwa huwa nini?"

Mhudumu akaja kwangu. Nikafungua mdomo. Fusi, mimi nimebeba makreti jua la nyuzi arobaini na nne, nimelala kwenye gari miezi miwili, sijawahi kuishiwa nguvu kama pale. Nilitazama maua. Nilitazama chupa. Neno halikuja, na ningekaa pale mpaka wafunge duka.

Yule binti akatazama ninapotazama. Akainua chupa, akasoma lebo, akasema kwa sauti, kama mtu anayetaja bei ya kabichi, "Ni mvinyo, mama. Grenashi, wa Loxton. Huu mzuri, hata mimi nyumbani nakunywa huu."

Basi likawa limesemwa. Wala si mimi niliyelisema.

Nikamwomba kitambaa cha meza iliyokuwa tupu. Limbuko halipelekwi uchi. Nikaifunga chupa, ilikuwa imepungua kile ulichoonja na kile nilichoambiwa, nikainuka nikampa kwa mikono miwili, nikasema, "Mpelekee. Mwambie ni limbuko."

Sikuangalia. Niligeukia ukuta, kama ulivyonikuta. Nikasikia kitambaa kinafunguliwa kidogo, kinafungwa tena. Halafu mama yako hakumwambia mhudumu tena. Alisema kwa lugha yetu, akiiambia hewa tu, maneno ambayo nyumbani mtu humwambia yeyote anayepita na jembe begani: "Asante kwa kazi."

Tangu nifike nchi hii nimeambiwa haraka, nimeambiwa kesho saa kumi na moja, nimeambiwa tia sahihi hapa. Hilo sikuwa nimeambiwa.

Mhudumu akauliza, "Amesema nini?" Nikamfasiria. Ndipo akaanza kufuta macho, sijui kwa nini, yeye hajapogoa chochote.

Basi ndivyo. Shetani hakutajwa na upande wowote. Kama chupa iko jela au imevuka mlango mimi sijui. Mpokea limbuko ndiye mwenye kuamua.

Lisiate

Nuku'alofa
20 Desemba

Mjomba,

Krismasi njema mapema, kutoka kwa wazima. Nyumba imejaa. Sijakosea kuandika. Imejaa.

Wiki mbili zilizopita walikuja wageni sita kwa pamoja, watu wa kupiga mbizi, wamechomwa na jua. Nilipika samaki. Mmoja akauliza kama kuna mvinyo. Nikafungua mdomo kusema hakuna, mama akatokea mlangoni na ile chupa yako. Mjomba, ilikuwa na wiki saba tangu ifunguliwe. Nilikuwa naona lebo, naona mwisho wetu.

Akasimama mbele yao akasema kwa Kiingereza chake cha kanisani, "Hili ni limbuko la kaka yangu. Limbuko halikai na mtu mmoja. Desturi yake ni kugawiwa." Akawamiminia vidole viwili viwili. Wakanywa. Siki tupu, Mjomba. Hakuna hata mmoja aliyekunja uso. Yule mkubwa wao akasema, "Mwambie kaka yako asante." Mama akasema, "Nitamwambia," akakaa nao mpaka samaki akaisha.

Asubuhi aliniita jikoni. Masharti ni haya. Utaingia mvinyo mmoja tu, wa safu zako, mwingine haumhusu. Jumapili hapana. Anayetaka glasi ya pili atakula kwanza kipande cha kiazi kikuu, aone kwamba ni vitu vya familia moja. Na utakaa kwenye jengo la viazi, si jikoni, kwa sababu jikoni ni kwa vitu vya dukani.

Nikamwuliza, na mchungaji? Akasema niachie. Mchungaji alikuja Jumanne tukiwa mezani na wageni. Akatazama zile glasi. Akasema, "Melenaite, hiki ni nini?"

"Viazi vya Lisiate," mama akasema.

Mchungaji akatazama tena. Akasema, "Mwaka huu vimeiva." Akaomba maji.

Nimeagiza makreti kumi kwa ushirika wenu. Auckland nimewaandikia kwamba sitakuja. Mama nikamwambia, sasa ndiyo nimemwambia, kwamba kulikuwa na Auckland. Akasema alijua, aliishika kwenye mwanga.

Fusi

Nuku'alofa
12 Septemba

Mjomba,

Umekuwa kimya na mimi nimekuwa kimya, nadhani kwa kuwa mambo yanakwenda. Sote wazima. Jogoo mpya ni mwoga, kwa hiyo ataishi. Vyumba vitano kati ya saba vina watu, na yule jirani mwenye baa ananisalimia yeye kwanza. Tumesikia umekwenda kwa daktari kwa ajili ya magoti. Usiulize tumesikia kwa nani. Huko kwaya yenu ni besi tupu, na besi husikika mbali.

Makreti ya mavuno ya mwaka huu yameingia wiki iliyopita. Mama alisimama bandarini mwenyewe kuyapokea. Nimefungua la kwanza jana jioni kwa wageni, wameridhika, mimi nimeonja nikaona ni sawa.

Leo asubuhi nilikuwa natandika vitanda mama akaja na ujumbe, akanifanya niurudie nisije nikakosea. Nauandika kama ulivyo: "Mwambie Lisiate wa mwaka huu ni mwembamba. Kama kiazi kilichonyeshewa mwishoni. Mwulize mvua ilikuwaje."

Mama, kama unavyojua, hanywi.

Fusi

Loxton
1 Oktoba

Fusi,

Salamu kwenu nyote. Mimi mzima. Daktari amesema magoti ni ya kazi na si ya baridi, akaniuliza nafanya kazi gani, akasema basi. Fotis amenipa kazi ya kukaa, naangalia mabomba ya maji kwenye gari dogo. Kupogoa napogoa safu chache tu, zile nisizotaka mtu mwingine aguse.

Mwambie mama yako ni kweli. Ilinyesha wiki ya mavuno, siku tatu mfululizo, huku ambako haijui kunyesha. Tulingoja shamba likauke, na tulipoingia zabibu zilikuwa zimekwisha kunywa maji zikavimba. Wa ushirika wakasema hakuna atakayegundua. Watu wa mjini hawakugundua. Fotis aligundua, mimi nikagundua, na mama yako.

Mwambie upande wa juu wa shamba, penye changarawe, kuna safu nne ambazo maji hayakai hata inyeshe vipi. Zinazaa kidogo, lakini kilicho ndani kimekaza. Nimezungumza na Fotis, amekubali zivunwe peke yake na zisichanganywe. Nimezipogoa mwenyewe, nimekaa kwenye kiti, imenichukua muda, na nimefunga kitambaa chekundu kwenye nguzo za mwisho ili watu wajue zina mwenyewe.

Mwambie hizo ni zake. Amejuaje kuhusu mvua, siulizi.

Lisiate